Mipira ya breki ya waya haifupishi umbali wa kusimama

Gereji nyingi husema hivi: funga mipira ya breki (ile inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu) iliyosukwa waya wa chuma, gari litasimama mapema. Si kweli. Mpira wa kawaida hutanuka kidogo breki ikikanyagwa. Wa waya hautanuki kiasi hicho, hivyo pedali huwa imara zaidi mguuni. Kinachosimamisha gari ni tairi kushika barabara. Kama breki zako tayari zinaweza kufunga magurudumu au kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga), mpira mpya hauna cha kuongeza.

Pedali ikilegea kama sponji, shuku kwanza hewa kwenye mfumo au mafuta ya breki yaliyochoka. Mafuta hayo hunyonya unyevu: kiwango cha DOT 4, aina moja ya mafuta ya breki, kinataka yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini 155 tu yakishanyonya maji. Ukiteremka mlima Kitonga umekanyaga breki mfululizo, breki hupata moto, na mafuta yakichemka pedali hulegea; hapo tofauti hiyo ni kubwa. (Shuka na gia nzito, tafadhali.)

Mpira uliopasuka, uliovimba au unaovuja ubadilishwe leo. Kwa gari la kwenda kazini mimi ningenunua mipya ya kawaida, na pesa inayobaki ningeiweka kwenye tairi.