Nakala ya Tamko Haitamkwi: Dhana Potofu katika Magic: The Gathering

Kunakili matamko ya kichawi kumekuwamo katika mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering tangu toleo la kwanza la mwaka 1993, kupitia kadi ya Fork, na bado hakuishi kuzua ubishi mezani. Dhana inayozaa nyingine karibu zote ni kwamba anayenakili tamko amelitamka mara ya pili.

Ukweli ni kwamba nakala haitamkwi. Huwekwa moja kwa moja juu ya rundo, yaani mahali ambapo matamko husubiri na lililoingia mwisho hutekelezwa kwanza. Nakala ni tamko kamili hata kama haina kadi, lakini hakuna aliyeitamka wala kuilipia mana, nguvu ya kichawi inayogharamia matamko. Tuseme una Monastery Swiftspear, kiumbe wa 1/2 (nguvu 1, ustahimilivu 2) anayeongezewa +1/+1 hadi mwisho wa zamu kila unapotamka tamko lisilo la kiumbe. Ukitamka Lightning Bolt, kisha ukainakili kwa Twincast, Swiftspear atafika 3/4 na kuishia hapo, kwa kuwa umetamka mara mbili tu, ijapokuwa matamko yaliyopita kwenye rundo ni matatu. Kadi zenye uwezo wa Magecraft, zilizoanza na toleo la Strixhaven mwaka 2021, zingehesabu tatu, kwa sababu maandishi yake yanasema wazi "kutamka au kunakili". Isochron Scepter nayo huwakoroga hata wazoefu: inanakili kadi iliyo nje ya rundo, kisha inakuruhusu kuitamka nakala hiyo bila kulipa mana, na hapo kutamka kumefanyika kweli.

Wengine hudhani kwamba mwenye nakala huanza upya kuchagua na kulipa. La hasha, nakala hurithi maamuzi yote yaliyofanywa wakati tamko la asili lilipotamkwa, ikiwemo thamani ya X (namba anayoichagua mtamkaji) na gharama za ziada. Aliyemtoa mhanga kiumbe mwenye nguvu 6 ili kutamka Fling, inayopiga pointi sawa na nguvu za kiumbe huyo, kisha akainakili, hahitaji kumtoa kiumbe mwingine, na nakala nayo itapiga 6. Hata shabaha hubaki ileile, isipokuwa pale ambapo kadi inayonakili, kama Twincast, inaruhusu kuchagua mpya. Maamuzi yanayofanywa wakati wa utekelezaji ndiyo pekee yanayofanywa upya.

Ipo pia imani kwamba tamko la asili likibatilishwa, nakala zake hufa nalo. Kwa kawaida nakala hutangulia kutekelezwa, na hatima yake haifungwi na ya asili. Fikiria Grapeshot, inayopiga pointi 1 na yenye Storm, uwezo unaolinakili tamko mara moja kwa kila tamko lililotamkwa kabla yake katika zamu hiyo. Yakiwa yametangulia matamko 9, mpinzani anayeitupia Grapeshot yenyewe Counterspell, kadi inayobatilisha tamko, amejiokolea pointi 1 kati ya 10. Nakala hizo 9, kwa kuwa hazikutamkwa, hazitaongeza hesabu ya Storm inayofuata.

Mwisho, si kweli kwamba matamko ya papo hapo na yale ya zamu yako tu ndiyo yanayonakilika. Lithoform Engine ya mwaka 2020 hunakili hata tamko la kiumbe, na nakala hiyo ikitekelezwa huwa tokeni, yaani kiumbe kinachowakilishwa mezani bila kadi halisi. Tokeni hiyo haihesabiwi kuwa imeumbwa, hivyo Doubling Season, kadi inayozidisha mara mbili tokeni zinazoumbwa, haitaizidisha.