Nchi ndogo za raga hazikosi uwezo, zinakosa mechi

Kila Kombe la Dunia la raga likifika, maneno huwa yaleyale. Timu ikifungwa pointi themanini, watu wanasema haikustahili kuwepo. Timu hiyohiyo ikikaa miaka minne bila kualikwa na mkubwa yeyote, hakuna anayeuliza. Mengi yanayosemwa juu ya nchi hizi yanarudiwa kwa mazoea tu, na ukiyaweka mbele ya matokeo na kanuni zenyewe hayasimami.

"Watafungwa vibaya, kwa hiyo bora wasipangwe na wakubwa"

Juni 1995, mjini Bloemfontein, New Zealand iliifunga Japani 145-17. Kwa hoja hii, Japani ingefutwa kwenye ratiba siku ileile. Lakini iliendelea kujengwa na kupewa mechi, na mwaka 2013 ikaifunga Wales 23-8 jijini Tokyo. Septemba 2015, mjini Brighton, ilikuwa nyuma ya Afrika Kusini kwa pointi 3, dakika zimekwisha, na penalti ya kusawazisha iko mkononi. Ikaikataa sare, ikachagua skramu (wachezaji wa mbele wa timu mbili kusukumana wakigombea mpira), ikafunga trai pembeni, yaani ikaweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli, na kushinda 34-32. Siku nne tu baadaye ikapangwa kucheza na Uskoti, ikafungwa 45-10. Ratiba nayo ilicheza mechi ile. Mwaka 2019, ikiwa mwenyeji na ikipumzika vya kutosha, iliwafunga Ireland na Uskoti na kuingia robo fainali.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2023 mjini Lyon, Italia ilifungwa na New Zealand 96-17. Sikusikia mtu akidai itolewe kwenye Six Nations, mashindano ya kila mwaka ya nchi sita za Ulaya, na ni sawa kabisa, kwa sababu matokeo ya siku moja si sababu ya kuinyima nchi mashindano. Namibia ilipofungwa na Ufaransa 96-0 mwezi uleule, ilihukumiwa kwa kipimo kingine. Tofauti ya timu hizi mbili haiko kwenye vipaji peke yake. Italia ina uhakika wa mechi 5 ngumu kila mwanzo wa mwaka. Namibia haina.

"Wakishinda mechi zao, orodha ya viwango vya dunia itawapandisha yenyewe"

Hapa ndipo wengi hawajui hesabu inavyofanya kazi, na hapa ndipo dhuluma imejificha. Orodha ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, inahamisha alama: anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenzake. Mwenyeji anahesabiwa kama ana alama 3 zaidi. Tofauti ikifika 10, mwenye alama nyingi akishinda hapati chochote. Lakini mdogo akimwangusha, anachukua alama 2, na akishinda kwa zaidi ya pointi 15 anachukua 3. Kwenye Kombe la Dunia hesabu hiyo huzidishwa mara mbili.

Chukua timu yenye alama 74 inayomkaribisha jirani mwenye 65. Ukiongeza zile 3 za mwenyeji, pengo ni 12. Inaweza kushinda kwa pointi hamsini na isisogee hata kidogo, ila ikiteleza itaporomoka. Hayo ndiyo maisha ya Georgia, ambayo kwa miaka mingi imetawala mashindano ya Ulaya yaliyo chini ya Six Nations. Six Nations yenyewe haina kupanda wala kushuka daraja. Aliyeongezwa mwisho ni Italia, mwaka 2000. Njia pekee ya kupanda kweli ni kukutana na walio juu, na tarehe za walio juu haziko mikononi mwa Georgia. Ilipozipata mwaka 2022, ilizitumia vizuri: iliifunga Italia 28-19 mjini Batumi mwezi Julai, kisha Wales 13-12 mjini Cardiff mwezi Novemba.

"Kucheza na mkubwa kunaingiza fedha nyingi"

Inategemea mechi inachezwa wapi. Kwa utaratibu uliozoeleka, mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji. Mgeni hugharamiwa anapofika, anacheza mbele ya uwanja uliojaa, anaondoka. Mwaka 2017, chama cha raga cha Samoa kikiwa taabani kifedha, England iliyoikaribisha kwenye uwanja wa Twickenham iliipa pauni 75,000 kama msaada wa hiari. Hisani ni nzuri, ila bajeti ya timu ya taifa haiwezi kupangwa juu ya hisani.

Kinachobadilisha mambo ni mkubwa kukubali kusafiri. New Zealand, ambayo imevikwa sifa na wachezaji wengi wenye asili ya Samoa, ilicheza Apia, mji mkuu wa Samoa, kwa mara ya kwanza Julai 2015. Ilishinda 25-16 tu.

"Wachezaji wao bora hawapendi nchi zao"

Hii inaniuma. Klabu zinatakiwa kikanuni kuwaachia wachezaji katika vipindi vya kimataifa, lakini mkataba wa klabu ndio unaolipa karo na kodi, na mchezaji anajua nani ataamua kuuongeza. Isitoshe, tangu 2022 mchezaji aliyekaa miaka 3 bila kuichezea nchi yake ya kwanza anaruhusiwa kuhamia nchi alikozaliwa yeye, mzazi au babu na bibi yake. Tonga na Samoa zilianza kuwapata wachezaji waliowahi kuvaa jezi za New Zealand na Australia. Walipofunguliwa mlango, walikwenda.

"Mashindano mapya yamemaliza tatizo"

Yamesaidia, na sitaki kuyabeza. Kombe la Dunia la 2027 nchini Australia litakuwa na timu 24 badala ya 20, na Zimbabwe inarudi kwa mara ya kwanza tangu 1991 baada ya kuifunga Namibia 30-28 kwenye fainali ya Afrika jijini Kampala. Daraja la pili la mashindano hayo mapya ya kimataifa linazipa timu 12 mechi za uhakika.

Lakini daraja la kwanza lina timu 12 ambazo kwa sasa hazishuki: zile 6 za Six Nations, zile 4 kubwa za kusini (New Zealand, Australia, Afrika Kusini na Argentina), Japani na Fiji. Julai na Novemba zao zimejaa wao kwa wao, na kupanda na kushuka kuliahidiwa kuanza 2030. Hata Fiji iliyoingia, mechi zake za "nyumbani" za Julai 2026 zilipangiwa viwanja vya Uingereza, si Suva.

Uamuzi wa kuanzisha mfumo huo ulipigiwa kura Oktoba 2023 na Baraza la World Rugby. Kwenye baraza hilo, kila chama kati ya vile 10 vya Six Nations na kusini kina kura 3. Shirikisho la Afrika nzima lina 2.