Mwanga wa zambarau si ushahidi kwamba vijidudu vimekufa

Muuzaji akitaka kukuhakikishia kwamba taa yake ya LED inaua vijidudu, huiwasha, nawe unaona zambarau. Mwanga huo hauthibitishi kitu. Mionzi ya urujuanimno (UV) inayofanya kazi hiyo haionekani kwa macho. Ile zambarau ni mawimbi yenye urefu wa karibu nanomita 400 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), mara nyingine taa ya ziada iliyowekwa ili ujue kifaa kimewaka. Taa za kukagulia noti dukani na za kukaushia kucha saluni nazo ni za jamii hiyo, za nanomita 365 hadi 405, na hazikutengenezwa kuua vijidudu.

Unachotakiwa kutafuta ni UV-C, yaani urujuanimno wa mawimbi mafupi, hasa kati ya nanomita 260 na 280. Hapo ndipo DNA ya kijidudu hufyonza mionzi na kuharibika, kikashindwa kuzaliana. Namba hiyo isipoandikwa kwenye kifaa wala boksi lake, usinunue.

Hata ikiwa sahihi, bado kuna suala la kipimo. Wengi hupitisha kitochi juu ya simu sekunde tano wakaridhika. Kiwango kinachotumika sana kwa maji ya kunywa ni milijuli 40 kwa kila sentimita ya mraba. Tuseme taa yako inafikisha miliwati 0.1, yaani milijuli 0.1 kila sekunde, kwenye eneo hilo: utahitaji sekunde 400, karibu dakika saba, bila kuisogeza. Ukiiweka mbali zaidi, muda huongezeka. Penye kivuli au uchafu mionzi haifiki ipasavyo.

Kwenye maji, mimi naitetea teknolojia hii kwa moyo wote. LED haina zebaki kama taa za zamani, huwaka papo hapo, na inaweza kuendeshwa kwa sola. UV-C hudhibiti hata Cryptosporidium, kimelea cha kuharisha kinachostahimili klorini. Ila maji ya tope yachujwe kwanza, na yakishatibiwa yafunikwe, maana mionzi haibaki ndani yake kuyalinda.

Wapo wanaoamini kwamba LED haidhuru. UV-C huunguza ngozi na macho. Maumivu huanza saa kadhaa baadaye, kama ya fundi aliyechomelea bila miwani. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasisafishe mikono kwa taa hizi. Kama una watoto nyumbani, nunua kifaa cha kisanduku kinachojizima kifuniko kikifunguliwa.