Kwa nini ukifungua bekapu ya tar faili zote zinakuwa za kwako?

Hii inawasumbua sana vijana wa kompyuta huku Kigoma wanaotumia tar, programu ya Linux ya kufunga faili nyingi ziwe moja. Ofisi ya Tabora imefunga bekapu ya seva, imekuja na flashi mpaka hapa kwetu Mwanga, unaifungua kwenye mashine mpya unakuta kila faili iko kwa jina lako, hata zile za www-data (yuza anayeendesha seva ya tovuti), na tovuti inagoma kupokea picha. Watu wanakimbilia kusema bekapu imekufa, mara nyingi wala haijafa.

Tar inatunza mwenye faili kwa jina na kwa namba. Andika tar -tvf bekapu.tar.gz utaona www-data/www-data, ukiongezea --numeric-owner inakuja 33/33. Yakiwepo hayo ujue hakijapotea kitu, shida ni nani anafungua. Linux haimruhusu yuza wa kawaida kuandikisha faili kwa jina la mtu mwingine, ni root (msimamizi mkuu wa mashine) peke yake, na waliotengeneza Linux wako sahihi kabisa maana ingeruhusiwa ningejaza diski mizigo yangu yote halafu naiandika kwa jina lako, nafasi uliyopangiwa inaisha wewe na mimi sijaguswa. Ndo maana bila sudo (amri ya kufanya kazi kama root) kila kitu kinaangukia kwako. Tumia sudo tar -xpf bekapu.tar.gz.

Ila hata na sudo angalia sana. Tar inatafuta jina kwanza, isipolikuta kwenye mashine mpya inachukua namba, sasa 1001 Tabora alikuwa mhasibu, kwako 1001 ni kijana wa mazoezi, basi faili za hesabu zinaenda kwake na hakuna ujumbe wowote wa kukushtua! Kwa hiyo tengeneza mayuza kwanza ndo ufungue. Hiyo --numeric-owner, inayofuata namba tu, wakati wa kufungua iache kwa siku unarudisha mfumo mzima ulivyokuwa.

7z, aina nyingine ya kufunga faili, yenyewe haitunzi mwenye faili kabisa, na zip iliyotengenezwa Windows haina mwenye faili wa Linux, funga kwa tar kwanza. Pia usifungulie humo humo kwenye flashi, FAT32 na exFAT (mifumo ya kupanga faili inayotumika kwenye flashi) hazina pa kuandika mwenye faili, hata root anakataliwa, hamishia kwenye diski ya ext4, mfumo wa Linux.

Kama umeshafungua vibaya, sudo chown -R www-data:www-data, amri ya kubadilisha mwenye faili, ikifuatiwa na jina la folda, inasaidia pale tu folda nzima ilikuwa ya mmoja. Zikiwa za watu mchanganyiko futa ulichofungua, anza upya.