Injini ruksa, magurudumu marufuku: Waamishi wanavyoipima mashine

Katika mafunzo ya zana za kilimo tunayoendesha kituoni kwetu, mshiriki mmoja alituonyesha video kwenye simu yake. Nyumbu wanne (wale chotara wa punda na farasi, si wa Serengeti) wanakokota mashine ya kufunga marobota ya nyasi kavu, na juu ya mashine hiyohiyo injini inanguruma. Mkulima amesimama mbele kwenye kigari kidogo, hatamu mkononi. "Mhandisi," akaniuliza, "hawa watu injini wanayo tayari. Wanyama wanawatesea nini?" Darasa likaangua kicheko. Swali lilikuwa zuri kuliko lilivyopokewa, na tangu siku ile nimeulizwa tena mara nyingi, kwa hiyo naona bora nilijibu kwa maandishi.

Watu wa kwenye video ile ni Waamishi, Wakristo wenye asili ya Uswisi na Alsace, eneo ambalo leo ni la Ufaransa. Mizizi yao ni vuguvugu la Waanabaptisti lililoanza Zurich mwaka 1525, likiwabatiza watu wazima tu, tena waliochagua wenyewe. Mwaka 1693 kundi lililomfuata mzee wa kanisa Jakob Ammann likajitenga na wenzao, na katika karne ya 18 wafuasi wake wakaanza kuvuka bahari kwenda Pennsylvania. Leo wamezidi 400,000, wengi wakiwa Pennsylvania, Ohio na Indiana. Msomaji wa Mara anaweza kushangaa kusikia kwamba ana uhusiano nao wa mbali: wamisionari wa Kimennonite, tawi jingine la Waanabaptisti, waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka Lancaster, Pennsylvania, eneo lilelile maarufu kwa Waamishi. Mzizi ni mmoja, ila matawi yalishaachana zamani.

Wengi wetu tumeaminishwa kwamba Waamishi wanaichukia mashine, au wanaiona ni dhambi. Si kweli. Nenda kwenye karakana ya samani ya Mwamishi wa Lancaster utakuta misumeno, randa, keekee na mashine za msasa zikifanya kazi kutwa. Wanachokataa ni mashine kuingia kijijini bila kuhojiwa. Na swali lao la kwanza si kama inaokoa muda au inapunguza gharama, maswali ambayo sisi wahandisi tumezoea kuanza nayo. Wao huuliza: tukiiruhusu, baada ya miaka 20 tutakuwa bado tunahitajiana? Andiko wanalolishika sana ni la Warumi 12:2, "Wala msiifuatishe namna ya dunia hii".

Anayejibu swali hilo si mtu mmoja mmoja nyumbani kwake, wala hakuna makao makuu yanayotuma waraka. Ni usharika, yaani familia kama 30 hivi zinazokaa jirani na kusali kwa zamu majumbani mwao. Kila usharika una taratibu zake, wenyewe wanaziita Ordnung, na nyingi hazijaandikwa popote. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, waumini hukutana, taratibu zikatajwa upya, na kila mmoja akaulizwa kama bado yuko pamoja na wenzake. Wasipopatana, Meza huahirishwa mpaka wapatane. Ndiyo maana kinachoruhusiwa upande huu wa barabara kinaweza kuwa marufuku upande wa pili.

Turudi kwa wale nyumbu. Trekta Waamishi wa Lancaster wanayo, lakini inakaa uani. Inazungusha mkanda wa mashine ya kupura au ya kujaza silo (ghala la malisho ya mifugo), na magurudumu yake ni ya chuma, hayana tairi za mpira. Ukiipa tairi za mpira itapita vizuri barabarani. Ikipita barabarani itakwenda dukani. Ikianza kwenda dukani imeshakuwa gari. Nayo ikiingia shambani itafanya kazi ya watu watano, na mkulima atatamani shamba la jirani yake. Kwa hiyo wamefanya jambo ambalo kihandisi linanivutia mno: wameigawa mashine vipande. Kazi ya kusokota na kufunga nyasi wameipa injini, kwa sababu ni nzito na hali ya hewa haisubiri. Kazi ya kutembea wamewaachia wanyama. Mwendo wa shamba zima unabaki mwendo wa mnyama, na ukubwa wake hauzidi sana nguvu za familia.

Gari nalo wameligawa hivyohivyo: kupanda ruksa, kumiliki marufuku. Mwamishi hukodi gari na dereva asiye Mwamishi akienda hospitali ya mbali au kwenye msiba. Safari za kila siku ni za gari la farasi, lisilokwenda hata kilomita 20 kwa saa. Ukiishi kwa mwendo huo, shule, kanisa, ndugu na soko lazima viwe karibu.

Umeme ndio unaowachanganya zaidi wageni. Waya wa gridi walianza kuukataa karibu na mwaka 1920, wakiuona kama kamba ya kuifunga nyumba na dunia ya nje. Betri ya volti 12 haina waya unaotoka nje ya boma, kwa hiyo walishaizoea tangu zamani. Zile mashine za karakana nilizozitaja je? Zinaendeshwa kwa upepo. Msomaji aliyewahi kusimama kwa fundi wa pancha anaijua kompresa: injini inashindilia hewa ndani ya tangi, hewa inatoka kwa nguvu kupitia mpira. Basi kwa Waamishi injini ya dizeli inafungiwa kwenye kibanda nje, inajaza matangi, na mabomba yanapeleka upepo karakanani, mpaka jikoni. Wananunua cherehani au mashine ya kukandia unga ya kawaida kabisa, wanang'oa mota ya umeme na kuweka ya upepo mahali pake. Kihandisi ni hasara, maana sehemu kubwa ya nguvu ya dizeli inapotea njiani kama joto. Lakini ubadhirifu huo ndio ulinzi wenyewe. Hakuna televisheni inayoendeshwa kwa upepo.

Nimeona wataalamu wenzangu wakiuita mpango huu unafiki. Siwaungi mkono. Mfano unaonishawishi ni wa maziwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 kampuni za maziwa za Marekani ziliacha kuchukua maziwa yaliyowekwa kwenye makopo makubwa ya kubebea, zikataka kila mfugaji awe na tangi la kupozea. Bila umeme tangi linapozaje? Kukataa kungewafukuza vijana mashambani, na kukubali waya wa gridi kungefungua mlango wote. Wazee wa Lancaster wakakaa na wawakilishi wa kampuni, wakapatana: kipozeo kiendeshwe na injini ya dizeli, pangaboi la kukorogea maziwa liendeshwe na betri ya volti 12, na lori lisije kukusanya maziwa Jumapili. Waliojadiliana hivyo walikuwa wakijua hasa nini hawawezi kukiuza.

Simu iliwatoa jasho mapema zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya nyumba za Waamishi ziliweka simu, wakati huo laini moja ikitumiwa na nyumba kadhaa, na aliyetaka kusikiliza mazungumzo ya jirani alisikiliza. Umbea ukaleta ugomvi. Kufikia 1910 kanisa la Lancaster likazitoa simu majumbani, na kuna waliohama kanisa kwa sababu hiyo. Baadaye ilikuja suluhu ya kibanda: chumba kidogo cha mbao kando ya njia, simu moja ndani, familia kadhaa zinachangia. Unampigia daktari wa mifugo au mteja, hukai kupiga soga kwenye baridi. Simu ya mkononi imekivunja kibanda hicho bila kelele, kwa kuwa inaingia mfukoni na hakuna anayeiona. Vijana wengi ambao hawajabatizwa wanayo, na wenye biashara wanaitaka.

Nisije nikaeleweka kama ninawapamba. Gari la farasi kwenye barabara ya malori ni hatari, na watu wanakufa. Baadhi ya makundi yenye msimamo mkali, hasa Waswartzentruber, hukataa hata ile pembetatu ya rangi ya chungwa inayobandikwa nyuma ya vyombo vya mwendo mdogo, wakiiona ni pambo la kidunia. Kentucky, mwaka 2011 na 2012, wanaume kadhaa walifungwa jela baada ya kugoma kulipa faini, mpaka sheria ya jimbo ikabadilishwa ili waruhusiwe kutumia utepe unaoakisi mwanga. Mimi ningebandika pembetatu bila kusita. Na elimu ya shule kuishia darasa la nane, haki waliyoipata kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1972, humfanya kijana anayetaka kuondoka aanze maisha ya nje akiwa na mzigo.

Mjadala wa sasa ni wa baiskeli yenye mota. Katika Kaunti ya Holmes, Ohio, kuna sharika zilizoikubali, na utaziona baiskeli hizo zimeegeshwa kando ya farasi, betri zikichajiwa kwa paneli za sola. Lancaster, hata baiskeli ya kukanyaga kwa muda mrefu haikukubalika: watoto na watu wazima wanakwenda kwa skuta ya kusukuma kwa mguu, mguu mmoja juu ya ubao, mwingine ukipiga lami, kwa sababu skuta haikufikishi mbali sana na nyumbani.