Skizofrenia haitokani na malezi mabaya ya mama

Bado kuna watu wanaamini mtu akipata skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya asikie sauti zisizokuwepo), hasa akiwa na dalili za usonji pia (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano), basi mama yake hakumpenda utotoni. Wazo hilo lilitoka kwa madaktari wenyewe, mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann aliandika kuhusu mama anayesababisha skizofrenia, na wamama wengi wakabebeshwa lawama isiyo yao, inauma kweli.

Mwaka 1976 skani zilionyesha vyumba vya maji kwenye ubongo wa wagonjwa wa muda mrefu vimepanuka. Halafu 2016 watafiti wakaunganisha hatari ya ugonjwa na jeni (kirithishi) ya C4, hii ni ya kinga ya mwili na inasaidia kuondoa miunganiko ya seli za ubongo, kazi ambayo kwa kijana huwa kubwa sana, na ikizidi inaweza kuleta shida. Hata damu ya baadhi ya wagonjwa ina viwango vya juu vya IL-6 na CRP, yaani alama za inflamesheni (mwili kuwaka kwa kujikinga), ila sio wote.

Kwa hiyo mtoto aliyekuwa hakuangalii machoni, anapanga vitu mstari mmoja siku nzima, halafu ukubwani akaanza kusikia sauti, anaweza kuwa na hali zote mbili, usonji na skizofrenia, na baadhi ya jeni za hali hizo zinaingiliana. Mwambieni daktari historia hiyo ya utotoni, inasaidia.