Kigunduzi cha moshi kwenye dakti: taa inapepesa, lakini je, kinanusa?

Ukipanda juu ya dari ya jengo kubwa lenye kiyoyozi cha pamoja, iwe hoteli, hospitali au ofisi za ghorofa kadhaa, utakuta mabomba mapana ya bati yamevikwa sufi na karatasi ya fedha. Sisi mafundi tunayaita dakti. Ubavuni mwa baadhi yake kumefungwa kiboksi, ukubwa wa chombo cha chakula cha mtoto wa shule, chenye mirija miwili iliyoingia ndani ya dakti. Hicho ndicho kigunduzi cha moshi cha dakti. Wengi wanaolipia matengenezo yake hawajawahi kukiona, na labda ndiyo sababu maneno mengi ninayosikia juu yake ni ya kubahatisha. Haya ndiyo yanayonirudia mara nyingi zaidi kazini.

"Taa yake inapepesa, kwa hiyo ni kizima."

Taa inakuambia umeme umefika. Haijui lolote kuhusu hewa.

Kigunduzi cha kawaida cha darini husubiri moshi upande wenyewe mpaka ukifikie. Cha dakti kimekaa nje ya njia, ndani ya boksi lake, na lazima kiletewe hewa. Mrija mmoja wenye matundu umekatiza upana wa dakti, matundu yakikabili upande hewa inakotoka. Mrija wa pili, mfupi, unairudisha hewa kwenye dakti. Feni inaposukuma, shinikizo la mrija wa kwanza linazidi la wa pili, na tofauti hiyo ndiyo inayopitisha hewa mbele ya kigunduzi. Ni tofauti ndogo mno. Kwa modeli nyingi kiwango cha chini ni inchi 0.01 ya maji, yaani kama paskali 2.5, uzito wa utando wa maji wa robo milimita. Kitu kidogo kiasi hicho kinauawa na mambo madogo: mfuniko ambao skrubu yake moja haikukazwa, mpira wa kuzibia uliokauka, kizibo cha ncha ya mrija kilichodondoka, matundu yaliyojaa vumbi, au mrija uliozungushwa wakati wa usafi ukarudishwa umeipa hewa mgongo.

Sasa fundi anakuja na sumaku. Anaigusisha kwenye boksi, rilei (swichi ndogo ya umeme ya ndani) inabofya, paneli, lile kabati linalopokea ishara za moto za jengo zima, inalia, fomu inasainiwa, watu wanakunywa chai. Sumaku ina kazi yake halali: inathibitisha kwamba saketi na waya mpaka kwenye paneli viko sawa. Lakini kwa sumaku hata kigunduzi kilichofungwa mfuko wa nailoni kitafaulu. Moshi wa kopo ukipuliziwa ndani ya boksi unathibitisha jambo la pili, kwamba kigunduzi kinautambua moshi kikiupata. Kama kinaupata, hilo linajibiwa na manomita tu, kipimio cha tofauti ya shinikizo, iliyochomekwa kwenye mirija miwili huku feni inazunguka. Kiwango cha NFPA 72 cha Marekani, cha mifumo ya kengele za moto, ambacho wahandisi washauri wengi wa huku kwetu hukitumia, kinataka kila mwaka ithibitishwe kwamba kifaa kinachukua sampuli ya hewa inayopita, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Hicho ndicho kipimo ninachokikosa mara nyingi kwenye ripoti za nyuma.

Nimewahi kufungua boksi moja nikakuta mrija wa kuingiza hewa umekatwa ukabaki kama kiganja, kwenye dakti ya zaidi ya mita moja. Aliyefunga aliona unamsumbua kuupitisha. Mrija unatakiwa ukatize karibu upana wote, na ukizidi futi 3 ushikiliwe upande wa pili usije ukatikisika. Kile kisiki kilikuwa kimefaulu kwa sumaku miaka yote.

"Moshi ni moshi. Washa sigara, au hata udi."

Nimeona udi, nimeona sigara, nimeona gazeti lililokunjwa likawashwa juu ya dari yenye sufi na waya. Acha. Moshi wa namna hiyo huacha lami na mafuta kwenye chumba cha macho ya kigunduzi, na baada ya majaribio machache unakuwa umekichafua wewe mwenyewe. Dawa ya mbu ya kopo ni vilevile. Yapo makopo ya moshi wa majaribio. Tumia lile ambalo mtengenezaji wa kigunduzi amelikubali, kwa kiasi alichosema.

"Tuna vigunduzi vya dakti, vya darini ni gharama tu."

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu linasemwa na wenye fedha.

Kigunduzi cha dakti hakikuwekwa ili kiwahi moto. Kiliwekwa ili mashine ya hewa isigeuke kuwa mgawaji wa moshi. Fikiria chumba kimoja kinaungua kwenye ghorofa yenye vyumba thelathini. Hewa ya chumba hicho inaingia kwenye dakti ikachanganyika na hewa safi ya vyumba ishirini na tisa. Mpaka mchanganyiko huo ufikie kiwango cha kukishtua kigunduzi, aliyelala kwenye chumba kinachoungua ameshapoteza dakika zake. NFPA 72 inasema waziwazi kwamba kigunduzi cha dakti si mbadala wa vigunduzi vya maeneo ya wazi. Kazi yake ni nyingine: kuisimamisha feni na kufunga dampa, yaani kilango cha bati ndani ya dakti, moshi usisafiri.

Na moshi unasafiri kweli. Tarehe 21 Novemba 1980, hoteli ya MGM Grand kule Las Vegas iliungua. Moto ulianzia kwenye mgahawa wa chini na miali yenyewe ilibaki ghorofa za chini. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu kabisa, mbali na moto, wameuawa na moshi uliopanda kwa njia za lifti, ngazi, nyufa za maungio ya jengo, na mifumo ya hewa. Ninapoulizwa kiboksi kile cha nini, nawasimulia hili.

"Usiku feni zikizimwa, chenyewe kinabaki macho."

Hakibaki. Hakuna feni, hakuna tofauti ya shinikizo, hakuna sampuli. Ofisi zinazozima kiyoyozi saa kumi na mbili jioni zinakiacha kigunduzi cha dakti kimeziba pua mpaka asubuhi. Sababu nyingine ya kutokifananisha na cha darini.

"Paneli imelia, basi mfumo wote umefanya kazi."

Kulia kwa paneli ni nusu ya safari. Nusu ya pili iko kwenye chumba cha mashine, na unaifuata kwa miguu. Katika jengo moja la ofisi tulipuliza moshi, paneli ikaonyesha eneo sahihi, mlinzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwomba mwenzangu aende chumba cha mashine. Akanipigia: "Kaka, feni inazunguka kama kawaida." Miezi kadhaa nyuma mafundi wa kiyoyozi walikuwa wamebadilisha kianzishi cha mota. Nyaya mbili za kutoka kwenye kigunduzi hawakuzijua ni za nini, wakazifunga tepu nyeusi na kuziacha zikining'inia nyuma ya kabati. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Aliyezikata hakuwa na mchoro, na waliokuja kupima baada yake hawakutoka kwenye chumba cha paneli.

Hali nyingine inayofanana na hiyo ni swichi ya feni kuachwa upande wa mkono badala ya otomatiki. Kama waya za kuzimia zimepitishwa upande wa otomatiki peke yake, feni itapuuza moshi. Kwa hiyo pima pande zote mbili. Simama kando ya mashine, sikiliza mota ikipunguza mwendo, tazama mkono wa dampa ukigeuka. Kabla ya hapo waambie wenye jengo, hasa kama hewa hiyo inahudumia chumba cha upasuaji au chumba cha seva, na umtaarifu anayepokea ishara za paneli, gari la zimamoto lisije bure. Ukimaliza, hakikisha kila mashine imerudi ilivyokuwa. Nimeacha ghorofa nzima ikitoka jasho mchana kutwa kwa kusahau kuwasha feni moja, na simu niliyopigiwa siku ile bado naikumbuka.

"Kinasumbua bila sababu, kifungie tu."

Sababu ipo kila mara, ila haijatafutwa. Vumbi ndilo la kwanza. Filta zikibadilishwa huku feni inazunguka, tope la miezi sita linaruka moja kwa moja kwenye mirija. Jengo likifanyiwa ukarabati, mtu akikata vigae au kusugua jipsamu kwa msasa, hewa ya kurudi inaubeba unga wote huo. Kwetu pwani unyevu nao una sehemu yake: dakti ya baridi ikipita juu ya dari yenye joto la Februari, matone yanatokea ndani ya boksi ambalo sufi yake imebanduka. Mkoani Dodoma ni vumbi jekundu tu, na linatosha.

Dawa ni kufungua, kupuliza mirija kwa hewa ya mgandamizo kutoka upande wa boksi huku kigunduzi kimetolewa, kufyonza vumbi la ndani kwa vakyumu, kuangalia mpira na vizibo, kurudisha na kupima tena. Maji yasikaribie, wala usipulize kwa mdomo. Mate ni unyevu. Kikiendelea kusumbua kikiwa safi, pima usikivu wake, yaani ni moshi kiasi gani unaokishtua. NFPA 72 inataka usikivu upimwe ndani ya mwaka wa kwanza tangu kufungwa, halafu kila baada ya miaka miwili, na kikionyesha utulivu muda unaweza kurefushwa mpaka miaka 5. Kilichotoka nje ya kiwango kinasafishwa au kinabadilishwa.

Kama tatizo ni watu kukimbizwa nje kila wiki kwa kengele zisizo na moto, lipo suluhisho lisilohitaji kipande cha waya cha kudanganyia paneli. Marekani kanuni zinaruhusu kigunduzi cha dakti kitoe ishara ya uangalizi mahali penye mtu muda wote, badala ya kupiga ving'ora jengo zima. Feni inazima, mhusika anakwenda kuangalia, wageni wanaendelea kula. Ongea na mhandisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya kubadilisha, kwa sababu hilo lina maana pale tu vigunduzi vya darini vipo na kweli kuna mtu kwenye dawati.

"Popote kwenye dakti ni sawa."

Karibu na kona hewa inazunguka kama maji ya mto nyuma ya jiwe, na mirija haipati tofauti ya kueleweka. Watengenezaji hutaka sehemu iliyonyooka, kwa kawaida angalau mara sita ya upana wa dakti kutoka kwenye kona au tawi. Kwenye dakti ya kupeleka hewa, NFPA 90A, kiwango kingine cha Marekani, cha mifumo ya hewa, inataka kigunduzi kwa mifumo inayozidi futi za ujazo 2,000 kwa dakika, kama lita 944 kwa sekunde, na kikae baada ya filta, kabla ya tawi la kwanza. Kikikaa kabla ya filta, filta ikiungua hakitajua.

"Mara moja kwa mwaka inatosha."

Kwa kipimo kamili, ni kiwango cha chini. Kwa kutazama kwa macho, NFPA 72 inasema kila miezi sita, nami kwenye jengo linalopakana na barabara ya vumbi sisubiri hata hiyo sita. Andika namba ya manomita kila mara. Mwaka jana paskali 40, mwaka huu 12, hapo una habari, hata kama zote mbili zimefaulu.

"Split ya nyumbani nayo inahitaji."

Haihitaji. Inazungusha hewa ya chumba kilekile, haina dakti. Nunua kigunduzi cha kawaida, kifunge darini nje ya mlango wa chumba cha kulala.

"Hiyo ni kazi ya mafundi wa kiyoyozi."

Mafundi wa kiyoyozi nao wanasema ni ya watu wa kengele za moto. Katikati ya mikataba hiyo miwili kigunduzi kinakaa kama mtoto wa mke mwenza. Tunapoanza jengo jipya sasa, naomba pande zote mbili ziwepo siku ya kipimo, siku moja, na jina la kila mmoja liandikwe kwenye fomu moja. Naomba pia mlango wa kukifikia, pamoja na swichi ya kujaribia na taa vilivyoshushwa ukutani. Ombi hilo la pili linachekwa mpaka pale inapobidi. Mara ya mwisho kilikuwa juu ya dari ya jipsamu isiyo na mlango wala alama, mchoro ukionyesha "hapa karibu". Tulikata tundu mara tatu kabla ya kukiona, na taa yake ilikuwa inapepesa vizuri tu.